Swichi Zinazouliza Jina: Biashara ya Utambulisho katika Mitandao ya Taasisi

Kwa miaka mingi swichi ya ofisini, yaani kisanduku chenye poti nyingi kinachounganisha kwa waya kompyuta, printa, simu za mezani na kamera za ulinzi za taasisi moja, iliuzwa kwa vigezo vitatu, ambavyo ni idadi ya poti, kasi na bei. Yeyote aliyechomeka waya alipata mtandao, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba aliyekwisha kumpita mlinzi getini hana haja ya kuulizwa tena ndani. Siku hizi kimeongezeka kigezo cha nne, nacho ni uwezo wa swichi kumtambua aliyechomeka na kumfungulia njia zile tu anazostahili. Badiliko hilo limeisogeza thamani ya biashara hii kutoka kwenye chuma kwenda kwenye programu na leseni, na papo hapo limemwachia mnunuzi kazi moja ambayo hakuna mtengenezaji anayeweza kumfanyia.

Msingi wa utaratibu huo ni kiwango cha kimataifa kiitwacho 802.1X, kilichoidhinishwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye. Pande tatu hushiriki: mpiga hodi, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya kompyuta inayoomba kuingia, swichi, ambayo hufanya kazi ya bawabu, na seva ya uthibitishaji, ambayo ndiyo yenye orodha ya majina na mamlaka ya kukubali au kukataa. Kabla ya jibu la seva kufika, poti hupitisha mazungumzo ya utambulisho peke yake na kuzuia mengine yote. Swichi na seva huzungumza kwa itifaki ya RADIUS, iliyobuniwa mwaka 1991 wakati watu walipounganishwa na mitandao kwa kupiga simu. Uthibitisho wenyewe unaweza kuwa nywila au, kwa usalama zaidi, cheti cha kidijitali, ambacho ni hati ya kielektroniki iliyotiwa saini na mamlaka inayoaminiwa na taasisi husika. Jibu la seva halisemi ndiyo au hapana tu, bali huja na maagizo kuhusu sehemu ya mtandao ambamo mgeni huyo atawekwa, na seva inaweza kuyabadilisha maagizo hayo baadaye bila waya kuchomolewa.

Kumtambua aliyeingia ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuugawanya mtandao ili aliyeingia chumba kimoja asifike vyumba vyote. Njia ya zamani ni VLAN, yaani mtandao pepe wa ndani, ambao hukata swichi moja kuwa mitandao mingi isiyoonana. Kiwango chake, 802.1Q, kilitolewa mwaka 1998 na kinaruhusu mitandao 4,094. Ugumu wake mkubwa ni kwamba kanuni za nani afike wapi ziliandikwa kwa anwani za mtandao, na anwani hubadilika mfanyakazi anapohama ghorofa, hivyo orodha za kanuni hukua mwaka hadi mwaka mpaka pasiwe na mhandisi anayethubutu kufuta mstari hata mmoja.

Njia mpya, ambayo kampuni ya Cisco ya Marekani iliitangaza mwaka 2007 kwa jina la TrustSec, huacha anwani na kutumia lebo. Kila anayethibitishwa hupewa lebo ya kundi lake, iwe ni uhasibu, wageni au kamera, na kanuni huandikwa baina ya kundi na kundi. Hesabu nyepesi huonyesha faida yake: taasisi yenye wafanyakazi 500 na seva 40 ina jozi 20,000 za kufikiria, lakini wafanyakazi hao wakipangwa katika makundi 8 na seva katika makundi 5, jozi zinabaki 40, idadi ambayo mkaguzi anaweza kuisoma na kuielewa kwa kikao kimoja.

Mahitaji ya soko yamesukumwa na hasara zilizoonekana. Mwishoni mwa mwaka 2013 wadukuzi waliingia katika mtandao wa maduka ya Target nchini Marekani kwa nywila za mkandarasi wa mitambo ya kupoza hewa, wakafika hadi kwenye mashine za malipo na kuiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Mwaka 2017 programu haribifu ya NotPetya ilienea ndani ya mitandao ya makampuni mengi, na kampuni ya meli ya Maersk ilikadiria hasara yake kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Mwaka 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo wa mfumo wa kutomwamini yeyote kwa sababu tu yumo ndani. Katika Afrika Mashariki, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, zimewabebesha wanaotunza taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na wanaopokea malipo ya kadi wanajua kwamba kuzitenga mashine za malipo hupunguza eneo la mtandao linalopaswa kukaguliwa.

Wauzaji wameitikia kwa kununuana. Aruba iliinunua Avenda mwaka 2011 na kupata programu yake ya utambulisho, kisha yenyewe ikanunuliwa na HP mwaka 2015. Fortinet iliichukua Bradford Networks mwaka 2018. Na mwaka 2025 HPE, kampuni iliyotokana na HP hiyo, ilikamilisha ununuzi wa Juniper kwa takriban dola bilioni 14. Arista nayo ilitangaza huduma yake ya utambulisho inayoendeshwa katika wingu mwaka 2023. Kwa taasisi zenye wahandisi hodari na fedha chache, zipo programu huria za FreeRADIUS na PacketFence, ambazo hazidai ada ya leseni ingawa hudai muda na ujuzi.

Mnunuzi anapaswa kuzisoma hesabu za gharama kwa makini. Mtindo ulioenea wa kutoza programu za utambulisho ni ada inayolipwa kila kipindi kwa kadiri ya vifaa vilivyounganishwa, hivyo bei ya swichi iliyoandikwa kwenye ankara ya kwanza si gharama yote. Aidha, 802.1X ni lugha ya wote, lakini lebo za makundi hazielewani vizuri baina ya watengenezaji mbalimbali, na taasisi inayozitegemea hujikuta imefungwa kwa muuzaji mmoja.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa ni vifaa visivyojua kupiga hodi. Printa za zamani, kamera na mashine za hospitali mara nyingi hazina programu ya 802.1X, hivyo swichi huzikubali kwa anwani ya MAC, ambayo ni namba iliyowekwa na kiwanda katika kila kifaa na ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiga. Kwa sababu hiyo wahandisi wazoefu huanza na hatua ya kutazama tu, ambapo swichi huuliza majina na kuandika majibu bila kumzuia mtu. Hufuata hatua ya kuzuia kwa kiasi, na mwisho poti hufungwa kabisa kwa asiyetambuliwa. Anayeruka hatua ya kwanza huamka na kukuta mashine za malipo zimezimika, akalazimika kuufungua mtandao wote kama ulivyokuwa.

Hatua hiyo ya kwanza ndiyo kazi isiyouzwa dukani: kuhesabu kila kifaa, kumjua mwenye nacho na kuamua kundi lake. Taasisi iliyokwisha kuifanya inaweza kuanza na programu huria na swichi ilizonazo, mradi zinakubali 802.1X, lakini isiyoifanya italipia leseni miaka nenda miaka rudi huku poti zake zikiendelea kumkaribisha kila mwenye waya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandao wa taasisi ni mali.