Je, Mawe ya Kula Huongeza Damu?

Hapa Amalemba nimesikia mara nyingi mama mjamzito akiambiwa, "Damu imepungua? Wewe tafuna tu mawe laini ya sokoni, yana madini!" Kweli chuma kinaweza kuwamo, lakini mwili hupata kidogo sana. Tena udongo huo huweza kushika chuma cha chakula kisifyonzwe, na kubeba mayai ya minyoo. Mwenye upungufu wa damu akivuja anapojifungua, maisha yake yamo hatarini. Kliniki hutoa tembe zenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Anywe kwa maji, si chai, kwani chai huzuia chuma. Wenzangu, mkiambiwa kitu "kina madini", ulizeni: kiasi gani, na yanafika kwenye damu? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.