Vinanda viwili, wimbo mmoja



Kwaya yetu ikialikwa Masaka, kule Kigali, inaimba na kinanda cha wenyeji, na shida inaanzia hapo. Yamaha PSR yetu ina midundo yake tayari: besi na gitaa zinafuata mkono wa kushoto. Korg Triton ni ya kutengenezea muziki, midundo ile haiisomi hata kidogo. Sauti tulizotengeneza nazo hazihami.

Lakini noti zinahama! Tangu 1983 kuna MIDI, lugha ambayo vinanda vya kampuni mbalimbali vinaielewa. Basi turekodi wimbo mzima pamoja na mdundo wake, tuuhifadhi kama faili ya MIDI kwenye disketi ao flashi, kadiri kinanda cha wenyeji kinavyokubali. Tutumie sauti za General MIDI ya 1991, pande zote mbili. Ziko 128 na namba zake ni zile zile: 1 piano, 57 tarumbeta, ngoma chaneli 10. Hapo tarumbeta haigeuki filimbi.

Mpiga kinanda ajaribu kabla ya ibada, siyo mbele ya watu. Na nakala moja ibaki kwa mwalimu wa kwaya, sababu familia zinahama, na mpiga kinanda anaweza kuondoka na nyimbo zote.