Mkakati wa Biashara ni Nini?

Ndugu mkulima, ukifika Mombasa itazame vema Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, juu ya mwamba penye mlango wa bandari. Nguvu za kuitawala bara yote hawakuwa nazo. Basi walichagua mahali pamoja vyombo vinapoingilia, wakatoza ushuru.

Huo ndio mkakati: kuchagua pa kuweka nguvu zako chache, na kukubali kuacha pengine. Kampuni nayo huamua itauza nini, imwuzie nani, na biashara ipi iwaachie wengine. Asemaye atauza kila kitu kwa kila mtu hana mkakati. Ana tamaa tu. Nawe mwenye eka tatu, je, utapanda maembe ya soko la mjini, au minazi?

Lakini angalia njia zako pia. Kampuni yenye mnunuzi mmoja tu yafanana na ngome ile, iliyotegemea meli za Goa. Waomani waliizingira mwaka 1696. Njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwamo. Ilitekwa Desemba 1698. Siku chache baadaye meli za msaada zikatokea, zikaona bendera ya Waomani ukutani, zikageuza.