TELA KUVUKA TUNDUMA: Mtaji kwenye pini ya inchi 2

Mfanyabiashara anayetaka kupeleka shehena Zambia au Kongo kwa njia ya Tunduma kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kusafirisha tani moja. Swali hilo ni la haki, ila halipaswi kuwa la kwanza. Kichwa cha semi na tela yake hushikana kwa pini moja ya chuma yenye unene wa inchi 2. Pini hiyo ikichomoka, au breki za tela zikikataa, hesabu yote ya bei kwa tani huishia bondeni pamoja na gari, mzigo na pengine dereva.

Tunduma, iliyo katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mlango mkubwa wa shehena ya nchi kavu inayoshuka bandari ya Dar es Salaam kwenda kusini. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 inapita hapo hapo tangu miaka ya sabini, lakini kwa miaka mingi sasa sehemu kubwa ya mzigo imehamia barabarani. Dizeli ya Zambia imepunguza safari za malori ya mafuta tangu bomba la TAZAMA lilipobadilishwa kutoka mafuta ghafi. Mengine yote, kuanzia salfa ya migodini, mbolea na magari hadi bidhaa za madukani, yanategemea tela.

SENJELE HAINA MSAMAHA

Kabla ya kufikiria nchi za watu, msafirishaji aanze na hatari iliyo nyumbani. Mteremko wa Senjele, wilayani Mbozi, umekwisha kuua watu wengi, na ajali zake hufanana: gari lenye mzigo linashindwa kusimama, linagonga yaliyo mbele, tela inapinduka au inajikunja na kuziba barabara nzima.

Chanzo chake kinaeleweka. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Dereva anayeteremka akiwa amechomoa gia ili kuokoa dizeli anaiachia breki peke yake kazi yote. Breki zinapata moto, zinapoteza mshiko, na kufika katikati ya mteremko hakuna tena cha kukanyaga. Dizeli inayookolewa kwa njia hiyo ni lita chache tu, na mara nyingi haimfikii hata mwenye gari.

Gari lenye tela lina ugonjwa mwingine ambao lori la kawaida halina. Breki za kichwa zikishika kuliko za tela, tela inayokuja nyuma na tani zake inakisukuma kichwa hadi vyote viwili vikunjane kama kisu. Ndiyo maana fundi anayetengeneza breki za kichwa na kuziacha za tela "zitafika hivyo hivyo" hajaokoa fedha ya mtu. Mipira ya upepo ikaguliwe, maji yatolewe kwenye matangi ya hewa, na baada ya kufunga tela dereva ashike breki za tela kisha avute kidogo kwa gia ya chini, ahakikishe pini imekamatwa. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.

MIZANI YA MPEMBA

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari na tela yake. Zambia nayo ina kikomo hicho hicho cha tani 56. Kinachowaponza wengi si jumla hiyo bali mgawanyo wake: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha, 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana na 24 kwa tatu.

Shaba ndiyo mwalimu mkali wa somo hili. Ni nzito mno kwa umbo lake, hivyo mzigo halali wa tela nzima unaweza kuonekana kama sakafu tu iliyotandikwa, na mtu akashawishika kuurundika sehemu moja ili ufungwe upesi. Ukirundikwa nyuma, kichwa kinakuwa chepesi na usukani unapoteza mshiko. Ukirundikwa mbele, ekseli za kichwa zinazidi. Faini ya mizani ndiyo hasara ndogo katika mambo hayo.

FOLENI NI SEHEMU YA SAFARI

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia, kiliwekwa ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Foleni hata hivyo hazijakoma, na mpaka unaweza kusimama ghafla kwa sababu ambazo msafirishaji hana mamlaka nazo. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi wa korona kugundulika hapo. Agosti 2024 ikafunga vituo vyake vya kuingilia Kongo, pamoja na Kasumbalesa, kwa mgogoro wa biashara ya bia na vinywaji baridi.

Gari lililosimama lina maadui wake. Wapo wanaochana turubai, wanaofyonza dizeli na wanaofungua tairi la akiba dereva akiwa amelala. Lakiri ya forodha ikikatwa, mwenye kuulizwa kwanza ni dereva, hata kama hakuona kitu. Maegesho ya kulipia yenye uzio na taa yanaonekana ghali kwa siku moja. Tela iliyokatwa lakiri inaweza kuzuiwa kwa siku nyingi zaidi.

NG'AMBO YA PILI

Zambia huendesha magari upande wa kushoto kama Tanzania, kwa hiyo mgeni hapati taabu kubwa. Viakisi viwe vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na pembetatu mbili za tahadhari ziwemo garini. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kilometa elfu moja hivi, na hatari ya usiku ni tela iliyoharibika na kuachwa barabarani ikiwa na matawi ya miti tu kama alama.

Kongo ni habari nyingine. Baada ya Kasumbalesa magari hupita kulia, na dereva wa Kitanzania mwenye usukani wa kulia anajikuta ameketi upande wa ukingo wa barabara, haoni kinachokuja anapotaka kulipita gari la mbele. Akiwa na tela ndefu, dawa ni kutolipita kabisa. Uporaji wa madereva na wizi wa shaba katika ukanda huo ni malalamiko ya miaka mingi. Kusafiri kwa msafara, mchana, na kulala penye magari mengi ndiyo kinga iliyopo.

Watalii wachache wanaopanda kutoka kusini wakivuta nyumba ndogo za magurudumu hukutana na mambo hayo hayo, isipokuwa wao hawana utingo. Nao wajue kwamba tela ina namba yake ya usajili, na karatasi za mpakani zitaje vyote viwili, gari na tela.

KADI YA NJANO HAILIPI KILA KITU

Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa bima wa Kadi ya Njano, unaotambuliwa pia Zambia na Kongo. Wengi huichukua kadi hiyo wakidhani wamekatia safari nzima. Sivyo. Inamlinda mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali, na matibabu ya waliokuwa garini. Kichwa chenyewe, tela na shehena vinahitaji bima zake, na hati iseme wazi kwamba inafanya kazi nje ya Tanzania. Wakala wa bima aulizwe jambo hilo kwa maandishi kabla gari halijatoka Dar es Salaam.

Linabaki suala la posho. Wapo matajiri wanaompa dereva fedha za siku za mwendo peke yake, kana kwamba Tunduma na Kasumbalesa havina foleni. Dereva aliyeishiwa wiki ya pili atauza dizeli ya tajiri wake ili ale, kisha ateremke milima ya kurudi akiwa amechomoa gia ili tangi lifike nyumbani.