Freni inayokwama

Pikipiki inasimamishwa na freni. Ukibana mkono wa freni, mafuta yanasukuma pistoni. Pistoni inakaza vibao juu ya diski, na gurudumu linasimama. Ukiachia, pistoni inarudi kidogo. Lakini matope na kutu vikiizuia, inakwama. Hapo gurudumu linazunguka kwa shida, na diski inapata moto.

Fundi anafanya nini? Anangoja diski ipoe. Anafungua freni na kuondoa vibao. Anasugua pistoni kwa mswaki na maji ya sabuni, anaikausha, kisha anairudisha ndani polepole. Hapaki mafuta juu ya vibao wala diski, kwani freni yenye mafuta haishiki.

Mwisho, kabla ya kupanda, anabana freni mara nyingi mpaka iwe ngumu. Akisahau, anaweza kuanguka kwenye mteremko wa kwanza.