Jino likiacha kuuma halijapona: namna ya kutibiwa mapema kwa bei ndogo

Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, mambo ni yale yale. Mtu anaumwa jino usiku mzima, asubuhi anakimbia farmasi ya kartie, anauziwa vidonge vichache vya antibiotiki. Siku mbili kisha, jino linapoa. Anasema: "Ilishapona." Hapo ndipo shida inaanzia.

Jino linaoza juu ya vidudu vinavyoishi mdomoni. Vinakula sukari ya chai na biskuti zetu, vinatoa asidi, na ile asidi inatoboa jino polepole. Tundu likiwa dogo haliumi sana. Maji ya baridi tu ndiyo yanashtua. Likifika kwa mshipa wa ndani, ndiyo ule usiku bila usingizi. Maumivu yakiisha yenyewe, mara nyingi ni mshipa umekufa. Vidudu vinaendelea chini, kwa mfupa, na usaha unajikusanya. Antibiotiki haizibi tundu.

Tundu dogo linazibwa mara moja na mtu anabaki na jino lake. Tena kuna namna ya kuziba bila umeme: muganga anakwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha anaweka saruji ya meno, ile ya glasi ayonoma. OMS iliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021, pamoja na dawa ya meno yenye fluori. Kwa sisi ambao umeme unakuja na kwenda, ni jambo la kuulizia.

Anza kwa kituo cha afya cha karibu. Omba karatasi ya kukutuma kwenye hospitali kuu ya zoni ya afya, na uulize siku gani muganga wa meno anafanya kazi. Mbele ya kukaa kwa kiti, uliza bei yote: kuonana na muganga ni ngapi, picha ni ngapi, kuziba, kutoa, na kama dawa zimo ndani. Mwenye mituele ya afya aulize kama meno yanahesabiwa. Yule wa sokoni mwenye koleo ni bei ya chini, ndiyo, lakini chombo kisichosafishwa kinaweza kupitisha hepatiti B ao VVU.

Shavu likivimba na homa, mdomo ukikataa kufunguka, ao kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, usingoje kesho. Vilevile mtoto mwenye utapiamlo, ao aliyetoka kuugua surua, akitoa damu kwa ufizi na mdomo ukinuka vibaya: inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache. Ukishikwa mapema, dawa zinausimamisha.

Nyumbani, piga mswaki mara mbili, na ule wa usiku usikose. Soma kwenye tubu kama kuna fluori. Mtoto chini ya miaka 3 anatosheka na dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 mpaka 6, punje ya njegere. Ukimaliza, tema tu, usisukutue sana.

Na wale wenye madoa ya kahawia kwenye meno, pande za volkano za Virunga? Vyanzo kadhaa vya maji kule vina fluori kupita kipimo cha OMS, miligramu 1,5 kwa lita, na mtoto anayeyanywa meno yakiwa yangali yanajijenga anabaki na madoa. Si uchafu. Kuyasugua kwa mchanga ao majivu hakuyaondoi, kunakula jino tu.