Tunashangilia Kabla ya Kumjua Muuaji

Jirani na Nateete, jijini Kampala, kuna Wakaliga, mtaa ambamo Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010. Kapteni Alex anamkamata ndugu wa Richard, mkuu wa genge la Tiger Mafia, na Richard anataka kisasi. Alex anakutwa amekufa. Ndugu yake, Bruce U, naye anakuja kudai damu. Sauti ya msimulizi, VJ Emmie, inachochea watazamaji, kama ilivyo desturi ya vibanda vya video vya Kampala.

Kibandani, mbaya akianguka, benchi zima linaruka. Nami nimeruka. Inakuwaje mtu anayegeuza uso kuku akichinjwa ashangilie binadamu kufa?

Mwaka 2006, Tania Singer na wenzake walichapisha utafiti waliofanya London. Wanaume 16 na wanawake 16 walicheza mchezo wa fedha na watu wawili, mmoja mwaminifu, mwingine dhalimu. Kisha ubongo wao ukapigwa picha huku watu hao wawili wakipigwa shoti mkononi. Mwaminifu alipoumia, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ziliamka kwa wanaume na wanawake. Alipoumia dhalimu, ubongo wa wanaume ulionyesha huruma kidogo mno. Badala yake iliamka sehemu inayohusika na raha ya kupata zawadi. Aliyetamani kisasi zaidi, yake iliamka zaidi.

Kwa hiyo huruma ya wanaume hao haikuzimwa na damu. Ilizimwa na hukumu: "Huyu kastahili." Ndiyo maana filamu za kisasi hutuonyesha kosa kwanza. Tukishahukumu, raha inakuja yenyewe, na kila pigo linalofuata tumeliidhinisha sisi.

Sasa rudi Wakaliga. Filamu ile inaisha bila kusema nani alimuua Alex. Risasi zimelia, watu wamelala chini, sisi tumeshangilia, na swali lililo kwenye jina la filamu halijajibiwa.

Sokoni, mtu akipigiwa kelele za mwizi, mambo huenda hivyohivyo. Mawe yanaokotwa kabla hajaulizwa jina. Wanaokimbilia pale si wakatili wa kuzaliwa. Wamekwisha kuhukumu, na mwili unawalipa raha yake. Siku kelele hizo zikisikika karibu nawe, uliza kwa sauti: nani ameona? Kibandani, swali hilo likichelewa, filamu inaweza kurudishwa nyuma.